Alhamisi, Nyuma ya Karakana ya Baiskeli

Dada yangu alikuwa mwalimu wa udereva, na wanafunzi wake walimwita Mama Klachi. Jina hilo alilipata kwa kelele zake. Ukipita karibu na uwanja wa mazoezi asubuhi, ungeisikia sauti yake ikitoka dirishani kabla hujaliona gari lenyewe: "Klachi! Klachi kwanza, baba, gia hailazimishwi!" Alifundisha miaka kumi na tisa. Nusu ya wanaoendesha magari mjini kwetu walipita mikononi mwake, na hata waliofeli mara nne walimpenda, maana alifoka bila kuweka kinyongo.

Mimi ni mdogo wake, wa mwisho kuzaliwa, ndiyo maana mpaka leo ananiita Kitinda ingawa nimeshatimiza miaka arobaini. Tangu alipoachana na mumewe tuliishi pamoja, vyumba viwili na jiko, na uani pale ndipo nilipofanyia kazi yangu. Mimi ni dobi. Nina mabeseni manne, meza ya kupigia pasi, na wateja walionizoea. Na dobi anaishi kwa pua yake. Nikiinua shati naweza kukuambia mwenye shati alipita wapi, alikaa na nani, na kama alilala kwake. Kwa hiyo sitakudanganya kwamba sikujua. Nguo za dada zilikuwa zikiniambia kila wiki.

Ilianza na bia mbili za Jumamosi, kama watu wote. Kisha ikawa Jumamosi na Jumatano. Kisha nikakuta chupa bapa ndani ya mkoba wake, imevishwa soksi isigongane na funguo. Hakuwa mlevi wa kupepesuka. Sikumbuki hata siku moja jirani kusema Mama Klachi kavaa miwani. Alikunywa kidogo kidogo tangu asubuhi, kama mtu anayeongeza mafuta kwenye taa isizimike, na akitafuna karafuu mchana kutwa. Mimi nikajitia hamnazo. Nilifua, nikaanika, nikanyamaza.

Si kunyamaza tu. Siku aliposhindwa kuamka, ni mimi niliyempigia simu bosi wake.

"Shikamoo bosi. Dada leo tumbo linamsumbua."

"Marahaba. Tena tumbo?"

"Tena, bosi."

Tumbo la dada likawa maarufu pale shuleni. Mara moja bosi alimpa mwanafunzi dawa ya minyoo atuletee, na salamu za pole. Tulicheka sana siku ile, mimi na dada, tukiwa tumekaa jikoni na ile pakiti mezani. Nikikumbuka kicheko kile sasa, sikipendi.

Kilichovunja ukimya wetu kilitokea Jumatatu moja, saa nne asubuhi. Dada alikuwa anamfundisha mama mmoja wa miaka sitini na kitu, mkunga mstaafu, aliyeamua kujifunza gari uzeeni kwa sababu, alivyosema, amechoka kusubiri kubebwa. Mkunga huyu alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kukanyaga breki. Akiona kuku, breki. Akiona kivuli cha mti, breki. Dada alikuwa amemchoka.

Wakafika kwenye makutano ya barabara kuu. Mkunga akasimama, akaangalia kulia.

"Nenda, kupo wazi," dada akamwambia.

"Mwalimu, kuna lori."

"Nenda nimekwambia!"

Mkunga akauondoa mguu, gari likasogea kidogo, kisha akaikanyaga breki kwa miguu yake yote miwili. Lori la matofali likapita mbele ya pua ya gari, karibu kiasi kwamba vumbi la matofali liliingia dirishani. Sasa, gari la kufundishia lina breki pande zote mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu. Hiyo ndiyo maana ya mwalimu kukaa pale. Na mguu wa dada haukusogea hata kidogo. Aliniambia baadaye kwamba lori halikumtisha kama mguu ule, namna ulivyobaki umetulia sakafuni kama mguu wa mtu mwingine.

Mkunga hakupiga kelele. Alilirudisha gari nyuma taratibu, akaliegesha pembeni vizuri kuliko alivyowahi kuegesha siku yoyote, akazima injini. Akachomoa ufunguo, akautia ndani ya pochi yake, akaifunga zipu.

"Tunarudi kwa miguu," akasema.

Walitembea mwendo wa robo saa. Dada alikuwa anatafuta uongo wa kutosha, na kila alioupata uliishia njiani. Mkunga ndiye aliyeanza.

"Nimezalisha miaka thelathini na moja, mwalimu. Wodi nzima ilinuka spiriti. Lakini pombe iliyo ndani ya mtu hunuka vingine. Nimeinusa kwako tangu somo la pili."

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu na mimi mwoga, kama watu wengine. Nilijiambia gari si langu." Akasimama chini ya ukuta wa shule, akamtazama dada usoni. "Leo Jumatatu. Mpaka Jumatatu ijayo uwe umemwambia bosi wako, kwa mdomo wako mwenyewe. Ukishindwa, nitakwenda mimi. Sikutishi, mwanangu. Nakupa nafasi ya kunitangulia." Getini akampa mwalimu mwingine ufunguo, akalifuate gari.

Dada alifika nyumbani saa sita, saa ambayo hajawahi kufika. Nilikuwa napiga pasi. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, viatu miguuni, mkoba mapajani, akanieleza yote kuanzia kuku mpaka zipu ya pochi. Pasi ikaunguza kola ya mteja na sikuiona mpaka nilipoisikia harufu.

"Kitinda," akasema, "ningeua mtu leo. Ningemuua bibi wa watu, nami ningetoka nimesema kosa ni lake."

Niliogopa. Lakini chini ya woga kulikuwa na kitu kingine, nacho nakiri: nilipumua. Kama mtu aliyebeba gunia peke yake muda mrefu halafu mwenzake akasema, "Kumbe lina uzito."

"Basi acha," nikamwambia, kana kwamba ni kuvua kanga.

"Nimeshaacha mara ngapi?" akauliza. "Mara ngapi, wewe uliyehesabu soksi?"

Nikaiweka pasi pembeni.

Jumanne asubuhi nilipiga ile simu ya tumbo, mara ya mwisho nilivyojiapiza, tukaenda zahanati. Muuguzi aliyetupokea alikuwa kijana, macho makavu, haraka mikononi. Alimpima presha, akamwambia anyooshe vidole, akavitazama vikitetemeka, kisha akaweka kalamu chini.

"Usiache kwa ghafla ukiwa peke yako nyumbani," akasema. "Watu hudhani ni ushujaa. Mwili uliozoea hivi unaweza kukuangusha kwa degedege. Daktari atakupa dawa za siku chache, na kila asubuhi utakuja nikuone. Ila dawa zinatuliza mwili tu. Hayo mengine yanataka watu."

"Watu gani?" dada akauliza.

"Waliopita huko. Kuna kikundi, wanakutana kila Jumatano saa tisa alasiri. Jengo la ustawi wa jamii, chumba namba nne." Akasita kidogo. "Angalau mwaka juzi walikuwa pale."

Dada alikataa mara tatu kabla ya kukubali. Mara ya kwanza alisema yeye si mlevi wa kupelekwa kwenye vikundi. Mara ya pili akasema mji huu nusu yake amewafundisha yeye, hatakosa kukutana na mtu. Mara ya tatu akasema hana nguo. Nikamwambia anaongea na dobi. Hapo akakubali.

Jumatano tulikwenda. Jengo lile lilikuwa la ghorofa moja, lenye korido ndefu iliyonuka rangi mbichi. Chumba namba nne kilikuwa wazi. Ndani viti vya plastiki vimepangwa duara, na watu wanane wamekaa, wengi wao rika la wazazi wetu. Aliyeongoza alikuwa mzee mwembamba, kofia yake ameiweka gotini. Baadaye tulijua kwamba alikuwa tarishi wa posta kabla ya kustaafu.

"Karibuni, wanangu," akasema. "Kaeni. Hapa hatuandiki majina. Mwenye kusema anasema, asiyeweza anasikiliza."

Tukakaa. Nilipitisha macho kwenye zile nyuso, nikafarijika. Watu wa kawaida kabisa. Nikamkonyeza dada: unaona?

Mama mmoja mwenye sweta la kijani akaanza. "Mimi nilijitahidi siku sita. Ya saba nikateleza."

"Wapi?" tarishi akauliza.

"Harusini kwa mpwa wangu. Nikajiambia moja tu, kwa ajili ya bibi harusi. Nikanywa mbili."

Duara zima likaguna. Dada akaniinamia sikioni. "Mbili? Hawa watanifukuza."

"Na asubuhi yake?" tarishi akauliza.

"Kinywa kikavu, macho yanaona ukungu, mwili hauna nguvu."

Dada akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia habari za kwao.

Akafuata baba mmoja aliyekaa dirishani. Alisema kwa aibu kwamba yeye anazificha ndani ya kiatu cha zamani, kabatini, mkewe asione. Dada alinitazama, nami nikatazama sakafu, kwa ajili ya soksi. "Mke wangu akienda sokoni," yule baba akaendelea, "nafunga mlango nakula tatu nne kwa mpigo."

Nakula? nikajiuliza.

"Zile zile za chokoleti?" tarishi akauliza.

"Zile zile, mzee."

Ndipo nilipoinua macho nikaliona bango ukutani, nyuma ya kichwa cha tarishi. Umechorwa mguu mkubwa, na chini yake maandishi: mgonjwa wa kisukari, kagua nyayo zako kila siku. Nikamfinya dada paja. Naye alikuwa ameshaliona. Tukaangalia mlango. Mlango ulikuwa upande wa pili, na kuufikia ilikuwa lazima tupite katikati ya duara, mbele ya wazee wanane.

"Na wewe, binti," tarishi akamgeukia dada kwa upole, "leo asubuhi sukari yako ilisoma ngapi?"

Mimi nikafungua mdomo nimjibie. Nilikuwa na tarakimu tayari, nzuri tu, ya katikati, isiyomshtua mtu. Mdomo wangu ulishazoea kazi hiyo, ulifunguka wenyewe. Lakini dada aliweka mkono wake juu ya goti langu, akabonyeza.

"Sijapima, mzee," akasema. "Mimi sina kisukari. Tumekosea chumba." "Mimi nakunywa pombe. Nakunywa kila siku, tangu asubuhi. Na nafundisha watu kuendesha gari."

Sikuwahi kuyasikia maneno hayo kinywani mwake. Wala yeye hakuwahi kuyasikia. Koridoni fundi alikuwa akikwangua ukuta. Nilisubiri mtu akohoe, au avute mkoba wake karibu. Mama wa sweta la kijani akasema, "Pole, mwenzangu," kwa sauti ile ile ambayo wengine walimwambia yeye pole dakika tano kabla.

Tarishi akaikuna kofia yake. "Wenzenu walihama hapa mwaka jana, paa lilipovuja. Sisi tukabaki na mabeseni yetu ya kukingia maji. Wako Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Nyuma ya karakana ya baiskeli, karibu na tangi la maji, mlango wa bluu. Hakuna kibao, hawataki kibao."

"Umewajuaje, mzee?" nikauliza.

"Nimepeleka barua mji huu miaka thelathini, mwanangu. Mlango nisioujua mimi bado haujajengwa."

Tukainuka kuaga, mama wa sweta akatuzuia kwa mkono. "Kaeni mpaka tumalize, mtatuvunjia duara. Halafu kuna chai. Sukari haina, lakini ya moto."

Tulikaa. Tulisikiliza habari za nyayo na sindano na wajukuu wanaoacha biskuti ovyo, tukanywa chai isiyo na sukari. Tulipotoka nje dada alikaa kwenye ngazi akacheka mpaka machozi, kisha machozi yakaendelea na kicheko kikaisha.

"Nimelisema," akaniambia. "Miaka yote hii, nimekwenda kuwaambia watu wa kisukari."

"Jikaze kisabuni," nikamwambia, kwa kukosa la maana.

Alhamisi asubuhi, baada ya kupita kwa muuguzi, alikwenda kwa bosi peke yake. Alisema ukishaweza kuwaambia wazee wanane waliokupa chai mkononi, bosi ni nani. Lakini alipotoka nyumbani nilimwona akirudi mara mbili kutafuta kitu ambacho hakukipoteza. Bosi alimsikiliza bila kumkatiza. Kisha akanyoosha mkono, naye akampa ufunguo wa gari, ambao mwalimu mwenzake alikuwa amemrudishia.

"Kwa hiyo tumbo?" bosi akauliza.

"Halikuwapo tumbo, bosi."

"Na mdogo wako anajua?"

"Anajua."

Dada alinisimulia hili bila kunitazama. Bosi hakumfukuza siku ile, ila alimwambia wazi kwamba hajui kesho atasemaje. Alimtoa barabarani na kumweka darasani, kufundisha alama za barabarani kwa picha. Dada hataligusa gari mpaka bosi aone barua ya daktari, na hata akiiona, atafikiria. Mama Klachi, wa miaka kumi na tisa, akawa wa kushika fimbo na kuonyesha pembetatu ukutani. Mkunga alihamishiwa kwa mwalimu mwingine. Alipopata habari kwamba dada ametangulia kusema, alimpelekea salamu za neno moja: "Ahsante."

Jioni ile ile tukaenda karakana ya baiskeli. Tulipita kati ya magurudumu yaliyotundikwa na makopo ya grisi, tukalizunguka tangi la maji, tukauona mlango wa bluu. Nje yake amesimama mwanaume wa makamo, suruali ina matope ya mfereji, anakung'uta viatu. Dada akasimama ghafla.

"Twende nyumbani," akanong'ona. "Huyu fundi bomba. Nilimfundisha."

"Dada, si ulisema nusu ya mji?"

"Twende, Kitinda!"

Alikuwa ameshageuka. Fundi bomba alimwona, akaita, "Mwalimu!" na akatufuata mpaka kwenye baiskeli za mwisho. Hakumshika mkono wala hakumzibia njia. Alisimama hatua mbili nyuma yake.

"Mwalimu, mtihani wangu wa kwanza nilifeli. Unakumbuka?"

"Uligonga koni zote," dada akajibu bila kugeuka.

"Nilikuja nimelewa. Nimetaka kukuuliza miaka mingi. Hukujua?"

Dada akageuka sasa. "Nilisikia harufu."

"Mbona hukuniambia?"

"Sikuwa na uhakika ni yako au yangu."

Fundi bomba alimtazama, kisha akaangua kicheko, na dada naye, kicheko kibaya cha watu wawili waliosimama kwenye grisi. Kisha fundi akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Humo ndani mimi nina miaka minne," akasema. "Ingia ukae karibu na mlango. Ukitaka kutoka, hutahitaji kumruka mtu."

Dada akaingia. Mimi nikabaki nje kwenye benchi la karakana, saa nzima, natazama fundi baiskeli akinyoosha ukingo wa gurudumu kwa nyundo ndogo. Yaliyosemwa mle siyajui. Hiyo ndiyo kanuni yao, yakisemwa mle yanabaki mle, na dada aliishika. Alipotoka aliniambia kitu kimoja tu: "Nimesema jina langu na siku. Siku tatu." Akanionyesha vidole vitatu, kama mtoto anayeulizwa umri.

Nisimulie yaliyofuata kama yalivyokuwa, maana watu wakisikia hadithi hizi hupenda kusikia mlango ulifunguka na mambo yakanyooka. Wiki tano yalinyooka. Dada alianza kula asubuhi. Alianza tena kufoka, jambo lililonifurahisha kuliko nilivyotegemea: alinifokea kwa sababu ya kamba ya kuanikia, nikaenda zangu nyuma ya shuka nikatabasamu. Wiki ya sita, Ijumaa, mwanafunzi mmoja darasani aliuliza mbele ya wenzake kwa nini siku hizi Mama Klachi hapandi gari. Watu walicheka kidogo tu, bila ubaya. Dada akamaliza kipindi, akapitia dukani.

Nilisikia harufu akiwa bado getini. Kesho yake hakuamka. Alikuwa na darasa la Jumamosi saa mbili. Alilala uso ukutani, akasema kwa sauti ndogo, "Kitinda, mpigie bosi. Mwambie tumbo."

Simu ilikuwa mkononi mwangu. Namba yenyewe kidole changu kiliijua. Nilisimama pale mlangoni, na naapa kwamba kusema ndiyo kulikuwa rahisi kuliko kupumua.

"Sipigi," nikamwambia.

"Nini?"

"Sipigi, dada. Simu hii hapa. Ukitaka nikushikie wakati unaongea, nitakushikia. Lakini sitasema tumbo tena."

Alinigeukia. Sitayaandika yote aliyoniambia, mengine yalikuwa ya kweli. Aliniambia mimi ndiye niliyempenda akiwa amelala, kwa sababu akilala ndipo mimi ninapoonekana mwema. Niliweka simu kitandani nikatoka, nikafua mashuka ambayo yalishafuliwa. Baada ya muda nikaisikia sauti yake kupitia dirishani. "Bosi, ni mimi. Sitafika. Jana nimekunywa." Kisha, "Ndiyo. Ndiyo, bosi. Jumatatu."

Siku nne hatukusemezana. Tulipishana jikoni kama wapangaji. Alhamisi nilimwona anavaa viatu saa kumi na nusu. Hakuniomba nimsindikize, nami sikujitolea. Aliporudi alisimama kwenye mlango wa uani, akasema, "Nimeanza tena kuhesabu."

"Wamesemaje?"

"Wamenisogezea kiti." Akakaa kwenye ndoo. "Na wamesema kila mwisho wa mwezi kuna siku ya ndugu. Ya watu wa nyumbani. Wamesema uje."

"Mimi? Mimi sinywi."

"Najua hunywi," dada akasema. "Ndivyo nilivyowaambia. Wakacheka."

Nilikwenda. Nilivaa gauni langu zuri na kuketi kwenye chumba kidogo kuliko nilivyokifikiria, chenye viti vya kuazima na dirisha linalotazama tangi la maji. Kulikuwa na mume wa mtu, mama wa mtu, na msichana aliyekuja na baba yake. Nilikuwa nimeandaa maneno ya mtu mwema: jinsi nilivyovumilia, jinsi nilivyofua. Zamu yangu ilipofika yakanitoroka yote. Nikasikia nasema, "Mimi ni mdogo wake. Nilikuwa nampigia bosi wake simu. Nilidhani namlinda dada yangu, kumbe nilikuwa nalinda nyumba yetu isiwe nyumba ya kusemwa. Gari lile lingemuua mama wa watu, na simu zangu zingekuwa zimelisaidia." Baba wa yule msichana akasema, "Ahsante, dada." Basi. Zamu ikaenda kwa mwingine.

Tukatembea kurudi. Jua lilikuwa halijazama, watu wanafunga maduka.

"Uliogopa?" dada akaniuliza.

"Niliogopa."

"Mimi bado naogopa kila mara," akasema, na tukaendelea kutembea.

Sasa ni miezi kumi na moja tangu Jumatatu ile ya lori. Mkunga alipata leseni yake. Anaendesha polepole, na msafara nyuma yake humpigia honi, naye hajali. Bosi alimrudishia dada ufunguo ilipotimia miezi tisa, kwa barua ya daktari na sharti la kupuliza kipimo cha pombe kila asubuhi mbele yake. Dada alikasirika kwa lile sharti siku mbili, kisha akaacha kukasirika. Kelele za klachi zimerudi uwanjani. Kuna siku anarudi mchangamfu, kuna siku anaketi uani bila kuvua viatu na mimi sijui anapigana na nini. Nimejifunza kuuliza mara moja na kutojijibia.

Alhamisi iliyopita mvua ilinyesha tangu adhuhuri. Nguo zote zilikuwa ndani, zimetundikwa mpaka juu ya meza, nyumba nzima unyevu. Saa kumi ikafika, mvua ndiyo kwanza inapamba moto.

"Leo utakwenda, na mvua hii?" nikamuuliza.

Dada alikuwa amesimama dirishani muda mrefu.

"Leo sina hamu hata chembe," akasema.

Akachukua mwavuli, akakunja suruali mpaka chini ya magoti, akatoka.